Muke wa Nani

Ukoo wangu sitausimulia. Nimechoka na vitabu vinavyoanza kwa babu vikapitia kwa nyanya, na mwenye kitabu anapozaliwa msomaji ameshasinzia. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule wa waasi, dipanda yetu, yaani uhuru, ikiwa na miaka minne, na hata huo mmoja sina hakika kwamba niliuelewa. Nilikuwa nimeuweka pembeni, nafundisha watoto wa watu, nazeeka zangu, mpaka mwezi uliopita nilipoona karatasi imebandikwa kwenye ukuta wa duka la dawa hapa Uvira. Ilikuwa na picha ya mtu aliyechongwa kwa mti, amesimama peke yake, na chini yake jina la mchongaji, Kashindi. Nilidhani amekufa. Nilikuwa nimeshamwombea misa, tena zaidi ya moja. Nikasimama pale na vidonge vyangu vya presha mkononi, nikaisoma karatasi ile mara tatu, na muuza dawa akaniuliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia sijui, na lilikuwa jibu la kweli.

Maonyesho yenyewe yalikuwa katika ukumbi wa shule moja ya Nyamianda, madawati yamesukumwa nje. Palikuwa na sanamu za mti na za udongo, na michoro mikubwa ukutani, zote za mtu mmoja mmoja. Hakuna wawili popote. Mtu ufukoni, mtu mlangoni, mtu na kiti chake. Binti aliyewaongoza wageni alieleza kwamba msanii ameuchunguza upweke maisha yake yote, na kwamba watu hawa si fulani wala fulani, bali ni arketipi, ndilo neno alilolitumia, yaani yule mama aliye nyuma ya mama wote, yule mkubwa aliye nyuma ya wakubwa wote. Vijana wakakubali kwa vichwa, wakapiga picha. Mimi nilicheka, wala si kwa dharau. Laiti binti huyo angekuwapo mtaani kwetu Kimanga mwaka ule akatueleza hivyo, labda leo ningekuwa nasimulia mambo mengine kabisa. Jambo moja tu niliona limebadilika: chini ya sanamu hapakuwa na majina. Palikuwa na namba. Majina ya zile za kwanza niliyaandika mimi, kwa mkono wangu huu, na ndipo kosa lilipoingia.

Mwaka ule nilipanga chumba Kimanga, nyumbani kwa Mama Sifa, mjane aliyekaanga mikate ya mafuta na kuiuza barazani. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza ya kusahihishia madaftari, na ukuta wa matete uliokandikwa udongo upande mmoja tu, kwa hiyo niliyosema mimi yalikwenda kwa Mama Sifa, na aliyosema yeye yalikuja kwangu. Akipiga chafya namwambia pona, na hatuonani. Asubuhi alinipa chai isiyo na sukari na mkate mmoja, jioni bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, na siku ya Mungu sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa ikatwangika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa mwaka wa kwanza katika shule ya wasichana, na nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu aliitwa Fideli, karani kwenye bandari ya Kalundu, kijana safi wa soksi nyeupe ambaye hata mbwa aliwafukuza kwa Kifaransa. Kwao ni Bwegera, kwenye mipunga. Nilikuwa nimemwona mara nne, zote mbele ya watu wazima. Nilimpenda? Watu huniuliza hivyo kama vile siku zile mtu alikuwa na nafasi ya kujiuliza. Nilimheshimu, na nilipenda kufikiri kwamba siku moja nitalala katika nyumba ambayo ukuta wake umekandikwa pande zote mbili.

Kashindi alikuwa amekodi magazini, yaani duka la zamani la mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyeondoka wakati wa dipanda, mlango wa tatu kutoka kwetu. Magazini ilikuwa ingali inanuka samaki mkavu na sabuni. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mikono imejaa makovu madogo ya patasi. Tangu ujana alikuwa amechonga watakatifu wa misioni, mpaka siku aliyowaambia mapadri basi. Alikuja barazani kwa Mama Sifa kunitafuta kwa sababu alikuwa amesikia nina mwandiko mzuri. Nilimuuliza kwanza kwa nini ameacha kazi iliyokuwa inamlisha.

“Batakatifu banakuwaka na majina,” aliniambia. “Ukichonga Yozefu, kila muntu anaangalia kama iko na ndevu ya Yozefu. Minye nataka kuchonga muntu mwenye hana jina.”

“Na mimi unanitakia nini?”

“Uniandikie majina yao.”

Mama Sifa alicheka mpaka mkate ukaungua. Kashindi hakucheka. Alikuna kichwa, akatafuta maneno, akasema hataki majina ya bantu, anataka majina ya ginsi ya muntu, ya aina zake tu. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba miaka yote hii. “Mwalimu, weye unasema peke yangu, peke yako, peke yake. Sawa vile unasema nguo yangu, nguo yako. Basi ile peke iko kitu. Kila muntu iko na yake. Na kama iko kitu, minye naweza kuichonga.” Nilikuwa nimefundisha neno hilo ubaoni zaidi ya mara moja, sikuwahi kuliona. Nilikubali kwenda kuandika kadi, nikajiambia ni kwa ajili ya sarufi.

Basi nikawa naenda saa nane, nikitoka shule. Kashindi alifanya kazi mlangoni penye mwanga, na mimi nilikaa juu ya kreti, nikikata kadi kutoka maboksi ya chaki, zote kipimo kimoja, kwa kuwa mimi ni mwalimu na siwezi kuvumilia vitu visivyolingana. Tulikula sombe baridi kutoka sahani moja, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukiacha ukuta mdogo wa bugali katikati. Maongezi hayakuwa mengi. Aliniuliza kama chaki inaumiza koo. Nilimuuliza kama mti unanuka ukikatwa, akaninusisha. Ukiniuliza leo ni lini hasa nilianza kuamka asubuhi nikifikiria saa nane, nitakudanganya. Sikufikiri kuna jambo. Nilikuwa na mchumba, na Kashindi aliniita Mwalimu hata siku niliyomwambia jina langu ni Faida.

Niliandika MUKUBWA kwa yule aliyeketi na kidevu juu, hana macho. Niliandika ASKARI, nikaandika MAMA, nikaandika MUGENI kwa yule mwenye kikapu kitupu kichwani. Wa mwisho alikuwa mwanamke wa mvule aliyeketi, mkono umeshika shavu, bega la kushoto limeinuka. Mimi bega langu la kushoto limeinuka, nilianguka nikiwa mtoto, likaunga vibaya. Niliiona sanamu ile na moyo wangu ukapiga mpaka nikaona haya, nikainamia maboksi yangu. “Huyu uandike mwanamuke,” Kashindi alisema bila kugeuka. Nilianza kwa herufi kubwa kama zile nyingine: MWANAM, na kadi ikaisha. Na lilikuwa boksi la mwisho. Nikaigeuza kadi upande wa pili na kuandika MUKE. Herufi nne zikakaa vizuri sana. Shuleni mtoto ningempigia msitari mwekundu kwa kosa hilo. Mwanamuke anajitosha. Muke ni wa mtu. Ukisema muke, anayekusikia anangoja uendelee. Lakini nilitaka kutoka pale nje nipate hewa.

Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Hawakusema maonyesho, walisema twende tukaone bantu ba Kashindi. Walizunguka magazini wakitafuta waliobaki. “Benzake biko wapi?” mvuvi mmoja aliuliza mbele ya mchoro wa mtu ufukoni, akachungulia nyuma ya kitambaa. Kwa MAMA walilalamika kwamba hana mtoto mgongoni, sasa huo umama ni wa nini. Askari kila mtu alimjua, ila kila mtu alimjua mwingine. Kikapu cha MUGENI kilitusumbua zaidi, maana mgeni hasimami mlangoni na kikapu kitupu watu wakimtazama tu. Bibi mmoja akakiwekea ndagala kidogo, mwingine muhogo, na kufikia siku ya tatu kikapu kilikuwa kimejaa. Kashindi hakujua akasirike ao afurahi. Mwishowe alipika zile ndagala, tukazila.

Siku hiyo hiyo, nikisahihisha madaftari, nilimsikia Mama Sifa upande wa pili wa matete akiongea na jirani aliyekuja kununua mikate.

“Ile moja iko Mwalimu wako,” jirani alisema. “Bega yake kabisa.”

“Niliona.”

“Na banaandika muke. Muke wa nani?”

“Wa ule karani wa Kalundu. Ni nani mwingine?”

“Na anashika tama. Bwana hayaoa bado, anamulilia tayari?”

Mama Sifa akamhesabia mikate yake. Kwetu mtoto akishika tama anapigwa mkono ushuke na kuulizwa anamlilia nani, kwa maana mkono shavuni ni wa matangani. Nami nilikuwa nimeona bega, sikuona mkono. Kesho yake nilikwenda kwa Kashindi kabla ya shule, nikamtaka aiondoe kadi ile. Alinitazama kwa mshangao. “Weye nilikwambia mwanamuke, ukaandika muke. Bale banasoma mujane. Kila muntu anaongeza yake, Mwalimu. Ndiyo nilikuwa natafuta.” Yeye alikuwa na furaha ya kazi yake, na mimi nilikuwa karibu kulia. Nilikuwa na swali dogo tu: ile iko minye? Nililifikisha mpaka kwenye meno. Halafu nikasema nimechelewa kengele, nikaondoka, na kadi ikabaki.

Kabla mwezi haujaisha waasi waliingia Uvira. Wengine wameandika habari hizo vizuri kuliko mimi, wenye kujua nani alimpiga nani na kwa sababu gani. Mimi nakumbuka sare za kijeshi zimetupwa kwenye mitaro, na shule imefungwa, na Mama Sifa akiniambia nifiche kalamu zangu kwa sababu watu wa kalamu wanatafutwa. Nilizizika kwenye unga wa muhogo. Mtu uliyemwamkia jana kwa jina leo alikuwa na majani kichwani na hakutaka kuguswa, kwa kuwa dawa yake ya kuzuia risasi ingekufa. Nani alikuwa upande wetu? Nilimuuliza Mama Sifa, akasema upande wetu ni huu wa huku, akaonyesha matete. Na Fideli hakuonekana. Bandarini hapakuwa na karani hata mmoja, ofisi wazi, karatasi chini.

Mama yake alikuja kwa miguu kutoka Bwegera, na furushi la mchele kichwani alilosema ni la mwanawe. Mama Fideli alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, msema Kirundi aliyezungumza Kiswahili kwa kukitafuta. Alizunguka Kalundu siku nzima akiuliza, akaja kulala kwetu, akanipikia mchele ule ule akisema mwana wangu kula, utamupa nguvu akirudi. Nilikula. Asubuhi mtu fulani alimweleza habari ya sanamu, naye akaenda kuiangalia. Sikumwona akiingia magazini. Nilisikia tu akitoka, na sauti ile siwezi kuiandika. Alikwenda moja kwa moja kwa komanda wa waasi wa mtaa wetu, akasema kuna mlozi Kimanga aliyemchonga mkwe wake akilia matanga kabla ya msiba.

Walimfungia Kashindi ndani ya magazini yake siku mbili, pamoja na bantu bake. Siku ya tatu asubuhi komanda aliketi barazani pa magazini, juu ya kreti langu. Alikuwa kijana, huenda alinizidi miaka miwili. Kimanga yote ilikuwapo. Wote tulijua kwamba aliyeonekana mlozi anapelekwa mtoni, na wanaorudi ni wale waliompeleka. Walimtoa Kashindi, wakaitoa na sanamu, wakaiweka chini kwenye vumbi na kadi yangu mbele yake.

“Hii iko nani?” komanda aliuliza.

“Hapana muntu,” Kashindi alisema. “Iko muntu tu.”

“Iko muntu ao hapana muntu?”

“Yote mbili, komanda.”

Watu wakaguna. Alikuwa anajichimbia kaburi kwa kusema kweli, na hakukuwa na wa kumnyamazisha. Komanda aliinama akaisoma kadi, kidole kikifuata herufi, kama wanafunzi wangu katika mwezi wao wa tatu wa kusoma. “Mu-ke,” alisema. “Muke wa nani?”

“Wa mutoto wangu,” Mama Fideli alijibu. “Angalia ile bega. Uyu muntu alimushikisha tama. Sasa mutoto wangu hayuko.” Kisha akanigeukia, na hapakuwa na chuki hata chembe usoni pake, ndilo lililonimaliza. “Mwana wangu, sema. Iko weye ao hapana weye?”

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiria majibu mazuri. Nikisema si mimi, bega langu lilikuwa pale, kila mmoja analiona. Nikisema ni mimi, muke wa Fideli, Kashindi amekwisha. Nilifikiri hata kuwaeleza habari ya boksi la chaki. Hebu jione, mtu anakaribia kuuawa, nawe unaeleza kwamba kadi ilikuwa fupi. Kichwa changu kilikuwa kimechafuka kabisa, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nilisema, “Ile iko minye. Na muke iko kweli. Lakini si wa Fideli. Minye niko muke wa Kashindi.”

Komanda alinitazama, akamtazama Kashindi, uso ukaanza kulegea. “Basi anamulilia bwana yake mwenyewe?” aliuliza. Nikasema ndiyo, anakuwa mukali, ananiliza. Watu wakacheka, na kicheko kile kikaondoa kitu kizito hewani, kwa maana mwanamke kumlilia mume wake mwenyewe si ulozi, ni mambo ya nyumba. Komanda akamuuliza Mama Sifa kama anajua neno hilo. Mama Sifa alifuta mikono kwenye kitenge. “Minye niko na ukuta ya matete, komanda,” alisema. “Nasikia yote.” Miaka baadaye ndipo nilipogundua kwamba mama yule hakutamka uongo hata neno moja. Mwishoni komanda alimuuliza Kashindi mwenyewe. Kashindi alinitazama, akaitika ndiyo kwa sauti ya mtu anayekubali kosa.

Walimfungua. Watu wakaanza kutawanyika. Mama Fideli alibaki amesimama palepale, mikono chini, anatazama sanamu kama mtu aliyenyang'anywa hata hiyo. “Sasa mutoto wangu,” aliniuliza, “analiliwa na nani?” Aliuliza kweli, alitaka kujua. Niliona aibu ambayo haijanitoka hadi leo ninapoandika. Alichukua kitambaa cha furushi lake, akashika njia ya Bwegera, na hakunigeukia.

Mchana Kashindi alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Alisimama kwenye mwanga, vumbi la mti likiwa bado kwenye nyusi zake, nami nikasimama nikishikilia meza. Alisema, “Asante, Mwalimu.” Nilingoja. Hata jina langu tu lingetosha, ningejua pa kushika. Alitikisa kichwa mara mbili, akatelemka ziwani, mvuvi mmoja akamvusha upande wa Burundi. Niliambiwa jioni. Niliona amenikataa, nilikuwa nimejitangaza mbele ya mtaa mzima, naye akakimbia hata kabla ya bugali. Mama Sifa alijua nalia, kwa sababu matete ni matete, akapitisha mkate wa moto chini ya pazia.

Fideli alikuwa hai. Tangu siku ya kwanza alikuwa amevuka mpaka pamoja na wenzake wa bandari, anakula vizuri Bujumbura. Alirudi askari wa serikali walipoutwaa mji tena. Alikuja kwangu mara moja, na soksi zake nyeupe, na kwa mara ya kwanza hakutia Kifaransa. “Ungesema tu haujui,” alisema. Nimelitafuna neno hilo miaka mingi. Kwa nini sikusema sijui? Ni kweli sikujua lolote. Alioa vizuri, ana wajukuu, tukikutana kanisani tunasalimiana. Mimi Kimanga waliniita Mama Kashindi, kwa maana ya muke wake. Wakubwa wa shule waliniita hivyo, wazazi wa wanafunzi waliniita hivyo, na mwanamume hapeleki posa kwa muke wa mtu. Sanamu tulizichoma miezi ya njaa. Mukubwa alitupikia maharagi siku tatu, na ile yangu, ingawa ni mvule, mwishowe ililiwa na mchwa, kwa kuwa Mama Sifa alikataa isiguswe. Nikazeeka muke wa mtu asiyekuwapo.

Sasa Jumamosi ile ya maonyesho, Nyamianda. Nilingoja wageni wapungue. Kashindi alikuwa ameketi mwisho wa ukumbi kwenye kiti cha plastiki, fimbo kati ya magoti, mzee kabisa, mashati mawili juu ya mwili mmoja. Alinitambua nikiwa ningali mbali. “Yambo, Mwalimu,” alisema. “Nimejua ile bega.” Nikavuta kiti. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya heshima, ya afya na ya safari, na badala yake nikamuuliza lile swali la mwaka ule, palepale, bila hodi: “Ile sanamu, Mzee Kashindi. Ilikuwa minye?”

Alichukua muda kuelewa ni sanamu ipi. Halafu akacheka taratibu, akaniwekea mkono kwenye kiwiko. “Bega? Ile ilikuwa fundo ya muti. Mvule ilikuwa na fundo pale, patasi ilikataa kushuka. Nilianza kuichonga mbele sijakujua weye.” Nilikasirika. Sina haja ya kuficha: mwanamke mzee nilikasirikia fundo la mti. Mtaa mzima ulikosea, mama wa watu alikosea, na mimi niliyekosea kuliko wote ndiye peke yangu niliyefurahi kukosea. Nilimuuliza basi kwa nini aliondoka vile. “Ulijiharibia maisha juu yangu,” alisema. “Ulisema uongo mukubwa vile kwa kuniponya, na uko na mchumba. Ningekaa mbele ya macho yako kila siku, nikulipe na nini? Niliona haya, Mwalimu. Nikasema niende, ili watu wasahau, uolewe.” Aliniambia hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo lilijulikana siku zote.

“Haikuwa uongo,” nilimwambia.

Akaweka mkono nyuma ya sikio. Nyundo na patasi zililiua sikio lile, alisema, nije upande wa pili. Nikahama na kiti changu, nikarudia. Akatikisa kichwa, vijana walikuwa wanacheka karibu na dirisha, na binti wa maelezo alikuwa anawaaga watu mlangoni. Akanitaka radhi, nimwambie tena. Basi nikavuta pumzi, nikatoa sauti niliyotumia miaka yote mbele ya watoto waliokuwa hawatulii, na ukumbi mzima ukanyamaza na kugeuka.

“Haikuwa uongo, Kashindi. Minye nilikuwa nakupenda.”